Chupa Moja ya Rioja na Sahani Sita: Namna ya Kuonja Mvinyo Mwekundu wa Hispania na Kuupatia Chakula Chake

Maswali huwa ni yale yale. "Mbona mchungu?" "Kwa nini unanikausha mdomo?" "Niunywe na chakula gani?" Mtu kazawadiwa chupa ya Kihispania, au kainunua mwenyewe kwa kuvutiwa na lebo. Jumamosi saa mbili usiku kaifungua, kamimina glasi hadi ukingoni, kapiga funda moja, kakunja uso, kisha kaongeza soda. Simcheki. Wahispania wenyewe huchanganya mvinyo mwekundu na kola wakaita kalimotxo. Ila wao hufanya hivyo kwa mvinyo wa bei ya chini kabisa, si kwa chupa iliyolala pipani mwaka mzima.

Mwongozo huu ni wa mtu wa chupa ya kwanza. Nimechagua Rioja, kaskazini mwa Hispania, kwa sababu ndilo jina unaloweza kulikuta kirahisi kwenye rafu popote ulipo, na kwa sababu niliwahi kuhudumia meza huko Logroño, mji mkuu wa jimbo hilo, kwa misimu miwili. Nilichotoka nacho kule ni hiki: Rioja haukutengenezwa unywewe peke yake. Ukiuonja mdomo mtupu utauona mkali. Ukiuonja baada ya kutafuna nyama yenye mafuta na chumvi, utadhani mtu amekubadilishia chupa. Jioni nzima tutakayoipanga hapa ni ya wewe kulipima jambo hilo kwa ulimi wako mwenyewe.

Kama hunywi, kwa dini au kwa afya, pita tu, hakuna ubaya. Chini ya miaka 18, mjamzito, uliye kwenye dawa au utakayeshika usukani usiku huo, nawe pia.

Vitu vya kuandaa

- Chupa moja ya Rioja iliyoandikwa Crianza (jina hili na mengine ya lebo yanaelezwa Hatua ya 1). Usianze na Gran Reserva ya bei mbaya. Utalipia harufu ambazo bado hujazoea kuzitafuta.
- Glasi mbili zenye mguu, tumbo pana na mdomo uliobana kidogo. Huna? Glasi ya maji ya kioo chembamba itafaa. Kikombe cha plastiki hakifai, kina harufu yake.
- Kizibuo. Kizuri ni kile kinachokunjwa kama kisu cha mfukoni, chenye kijembe kidogo pembeni.
- Karatasi nyeupe na kalamu.
- Friji, au ndoo ya maji na barafu.
- Maji ya kunywa na mkate mtupu. Ugali hufanya kazi ya mkate vizuri kabisa, maana nao hauna ladha ya kugombana na mtu.
- Sahani sita ndogo: chumvi kidogo, kipande cha ndimu, nyama ya kondoo au mbuzi iliyochomwa, yenye mafuta yake, jibini ngumu, kijiko cha asali au sukari, na pilipili, ya kusaga au mbichi.

Waalike watu wawili au watatu. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida, na Rioja mwingi una kilevi cha asilimia 13 hadi 14 na ushee. Hiyo si chupa ya mtu mmoja.

Jambo moja zaidi, na ndilo husahaulika nyumbani kwetu: usifukize udi, usijipulizie manukato, na usiwe unakaanga vitunguu jikoni wakati wa kuonja. Dawa ya meno nayo huharibu ladha, hivyo mswaki upigwe mapema. Pua ndiyo itakayofanya kazi kubwa leo. Ipishe.

Hatua ya 1: Soma lebo ya nyuma

Tuanze na matamshi, kwa sababu wengi huona haya kuagiza mvinyo wasioweza kuutamka. Mswahili ana bahati hapa. J ya Kihispania ni kh ya *kheri*, basi Rioja ni "Riokha". Z ya Crianza, kwa Wahispania wengi, ni th ya *thelathini*: "Krian-tha". Ll ya Tempranillo ni y: "Tempraniyo". Waingereza huhangaika na hiyo kh. Wewe umeipata bure kutoka Kiarabu.

Tempranillo ndiyo zabibu kuu ya Rioja nyekundu. Jina linatokana na *temprano*, yaani mapema, kwa kuwa huiva kabla ya zabibu nyingine za huko. Mara nyingi huchanganywa na Garnacha, Graciano au Mazuelo.

Sasa geuza chupa. Nyuma kuna stika ndogo ya baraza linalosimamia mvinyo wa Rioja, na rangi yake inakuambia mvinyo umelala muda gani:

- Kijani: Genérico. Hauna sharti la muda wa kukaa pipani. Mara nyingi ni mvinyo mchanga wa kunywewa mapema, wenye harufu ya matunda zaidi ya kitu kingine.
- Nyekundu: Crianza. Miaka 2 kabla ya kuuzwa, angalau 1 ndani ya pipa.
- Nyekundu iliyokolea, inayokaribia zambarau: Reserva. Miaka 3, angalau 1 pipani na miezi 6 chupani.
- Buluu: Gran Reserva. Miaka 5, angalau 2 pipani na 2 chupani.

Pipa ni la mti wa mwaloni, lita 225. Mwaloni wa Marekani, ambao viwanda vya kizamani vya Rioja viliupenda sana, huacha harufu ya vanila na nazi. Wa Ufaransa hukaribia zaidi viungo, kama karafuu. Hayo yanatosha kwa nadharia.

*Kosa la kawaida:* kudhani rangi hizo ni ngazi za ubora. Ni ngazi za muda. Kuna wakulima wanaouza chupa za bei kubwa wakiwa na stika ya kijani, kwa sababu tu hawakutaka kufungwa na masharti ya pipa. Uzito wa chupa nao hauna maana yoyote. Chupa nzito ni kioo kingi, basi.

Hatua ya 2: Ipoze

Hapa ndipo chupa nyingi zinapouawa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Umesikia kwamba mvinyo mwekundu hunywewa "kwa joto la chumba". Chumba cha nani? Msemo huo ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya kabla ya vipasha-joto, si sebule ya Kinondoni mwezi Februari. Crianza inataka nyuzi 15 hadi 17 hivi. Sebuleni kwako huenda ni 30.

Mwezi wangu wa kwanza Logroño ulikuwa Julai. Mgahawa, ambao sitautaja, uliweka chupa za Reserva kwenye rafu juu ya mashine ya kahawa. Nikamfungulia mzee mmoja chupa kwa madaha yote. Akanusa, akaonja, akaweka glasi chini, akaniomba ndoo ya barafu. Nikajisemea, huyu hajui, barafu ni ya mvinyo mweupe. Nikamletea hata hivyo. Baada ya robo saa akaniita, akanimiminia kidogo, akasema, "Onja sasa." Ule uliokuwa ukinichoma kooni kama konyagi ulikuwa umetulia, na kwa mara ya kwanza nikasikia harufu ya tunda ndani yake.

Kwa hiyo: kama chupa ina joto la chumba cha Pwani, iweke friji saa moja hadi saa moja na nusu. Una haraka? Izamishe kwenye ndoo ya maji na barafu kwa dakika 15. Maji ni lazima. Barafu tupu haigusani na chupa vizuri. Ukiitoa, ikiwa baridi kidogo kuliko inavyotakiwa, usijali. Joto la chumba litaimalizia kwenye glasi.

*Tahadhari:* usitie vipande vya barafu ndani ya glasi unapoonja. Vinayeyuka na utakuwa unaonja maji. Na usiigandishe kwenye friza ukaisahau, itapasuka.

Hatua ya 3: Fungua

Kata karatasi ya shingoni chini ya ukingo, siyo juu yake, ili mvinyo usipite kwenye karatasi ukimimina. Futa mdomo wa chupa. Weka ncha ya kizibuo katikati ya kizibo, zungusha taratibu hadi ibaki pete moja nje. Ukizungusha yote, utatoboa upande wa chini na vumbi la kizibo litaingia kwenye mvinyo. Vuta wima, pole pole, na ukikaribia mwisho kamilisha kwa mkono. Haihitaji kulia "po!".

Chupa ya kifuniko cha kuzungusha? Fungua kama soda. Si dalili ya mvinyo mbaya.

Hatua ya 4: Mimina kidogo

Theluthi ya glasi, au pungufu ya hapo. Najua kwetu glasi nusu ni uchoyo, mgeni anaweza kudhani humtaki. Mweleze tu: nafasi iliyo juu ndiyo inayokusanya harufu. Glasi iliyojaa haizungushwi, na kitambaa cha meza hakitakusamehe.

Hatua ya 5: Tazama

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Usiangalie katikati, angalia ukingoni, pale mvinyo unapokuwa mwembamba. Ukiona zambarau inayong'aa, ni mchanga. Ukiona rangi ya tofali au kutu, umekaa. Crianza nyingi zitakuwa katikati, nyekundu ya komamanga iliyoanza kufifia pembeni.

Ile michirizi inayoteremka kwenye kuta za glasi baada ya kuizungusha, watu huitazama kama wanasoma nyota. Inahusu kilevi zaidi, na sukari pale ilipo. Haikuambii kama mvinyo ni mzuri.

Hatua ya 6: Nusa mara mbili

Kwanza nusa bila kutikisa. Andika neno moja. Kisha weka glasi mezani, shika mguu, chora nayo miduara midogo mara tano au sita, halafu nusa tena huku pua ikiwa ndani kabisa. Utaona harufu imefunguka.

Watu hukwama hapa kwa sababu vitabu vya mvinyo vinataja matunda ambayo hatujawahi kuyatafuna. Usitafute stroberi kama hukukua nayo. Tafuta vyako. Katika Crianza ya kawaida mimi husikia zambarau iliyoiva sana, ile inayoacha ulimi mweusi. Nyuma yake huja vanila, na wakati mwingine nazi kavu iliyokunwa, hayo yametoka kwenye pipa. Reserva huongeza karafuu, jani la tumbaku kavu, ngozi ya kiatu kipya. Mwenzako akisema anasikia kitu kingine, naye hajakosea. Pua zina kumbukumbu tofauti.

Hatua ya 7: Onja mdomo mtupu

Chukua funda dogo, lisukutue mdomoni kama sekunde tano, lifike kwenye fizi na chini ya ulimi. Meza, au tema kwenye kikombe. Waonjaji wa kazi hutema na si aibu. Kisha jiulize mambo matatu tu:

1. *Mate yanakujaa pembeni mwa ulimi?* Huo ni uchachu. Mate yakija mengi, uchachu ni mkubwa. Tempranillo huwa na wa wastani.
2. *Fizi zimekauka, kama umetafuna bibo bichi au ndizi ambayo haijaiva?* Huo ni ukakasi. Unatoka kwenye tanini, yaani zile dutu za kukausha mdomo zilizomo kwenye maganda na mbegu za zabibu, pia kwenye mbao za pipa. Ukakasi si uchungu, ingawa wengi huvichanganya. Uchungu unasikika kwenye ulimi kama mwarobaini. Ukakasi unashika fizi na mashavu.
3. *Koo lina joto?* Hicho ni kilevi. Kikizidi, rudisha chupa kwenye barafu dakika tano.

Mwisho hesabu kimoyomoyo: ladha imebaki sekunde ngapi baada ya kumeza? Mvinyo unaokutoka mara moja ni wa kawaida. Unaobaki hadi unamaliza kuandika sentensi, ukumbuke jina lake.

Kama umezoea mvinyo mtamu, uwe wa Dodoma au wa kwingine, funda hili la kwanza litakushtua. Rioja nyekundu, kwa kawaida, ni mkavu. Karibu sukari yote ya zabibu imegeuka kilevi. Haujaharibika. Usiuhukumu bado.

Hatua ya 8: Sahani sita

Kanuni ni funda, chakula, funda. Kunywa kidogo, kula kilichopo sahanini, kisha kunywa tena kabla ladha ya chakula haijapotea. Kati ya sahani moja na nyingine, mkate na maji. Fuata mpangilio huu, hasa pilipili iwe mwisho, kwa sababu ikishakaa ulimini hakuna jaribio litakalofuata.

*Chumvi.* Gusa kwa ncha ya kidole, lamba, kunywa. Ukakasi umeshuka na tunda limepanda. Ndiyo maana baa za Hispania huweka zeituni na vipande vyembamba vya paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi kando ya glasi. Asiyekula nguruwe apate korosho zenye chumvi, zinafanya kazi ile ile.

*Ndimu.* Lamba kidogo, kunywa. Mvinyo umepooza, sivyo? Kitu chenye uchachu kuushinda kimeufanya uwe kama maji ya rangi. Tone la ndimu kwenye nyama halina neno. Bakuli la kachumbari linaloelea ndimu na siki litaumaliza.

*Nyama.* Hii ndiyo sahani ya jioni. Tafuna kipande chenye mafuta na chumvi, na kabla hujamaliza kabisa kumeza, kunywa. Zile fizi zilizokuwa zinakauka ziko wapi? Tanini hupenda kushika protini. Mdomo ukiwa mtupu zinashika mate yako, ndiyo ule ukavu. Ukiwa na nyama, zimepata kazi nyingine. Na uchachu wa mvinyo unafuta mafuta ulimini, kwa hiyo tonge la pili linakuwa tamu kama la kwanza. Rudia mara mbili au tatu, si kwa ulafi, kwa elimu.

*Jibini.* Bora ni Manchego ya maziwa ya kondoo, lakini jibini yoyote ngumu iliyokaa itakupa picha. Jibini laini ya kupaka mara nyingi huuacha mvinyo ukiwa mchungu.

*Asali au sukari.* Lamba, kunywa. Ghafla mvinyo ni mchachu na mkali kuliko ulivyokuwa. Hapo utaelewa kwa nini mvinyo mwekundu mkavu na keki ya harusi havipatani, wala nyama iliyopakwa sosi tamu, wala ndizi mbivu za kukaanga.

*Pilipili.* Kidogo tu. Kilevi na pilipili huchocheana. Moto unakuwa mara mbili. Wapo wanaoupenda. Mimi siupendi, naona unafunika kila kitu nilichokilipia.

Andika sahani iliyoupandisha mvinyo na iliyouangusha. Karatasi hiyo ndiyo utakayoenda nayo jikoni wiki ijayo.

Hatua ya 9: Panga mlo wenyewe

Rioja kuna chakula ambacho ukikila mara moja hutauliza tena mvinyo huu ni wa nini: *chuletillas al sarmiento*. Ni mbavu ndogo za mwanakondoo, nyembamba kama vidole viwili, zilizochomwa juu ya makaa ya matawi makavu ya mzabibu. Matawi hayo hukatwa mizabibu inapopogolewa wakati wa baridi, yakafungwa mafungu, yakawekwa. Yanawaka kwa kishindo na makaa yake hayadumu, kwa hiyo nyama huwekwa mara tu moto unaposhuka, inageuzwa mara moja, inanyunyiziwa chumvi ya mawe, basi. Hakuna viungo wala sosi. Unashika mfupa kwa vidole, mafuta yanatiririka kiganjani, mkono wa pili umeshika glasi. Mchoma mbuzi yeyote wa Kitanzania au Kenya angeelewa kila kitu bila mkalimani.

Kwa hiyo kwako: mbuzi choma au mbavu za kondoo, chumvi, ugali. Kachumbari iwe pembeni, yenye nyanya na kitunguu, ndimu kwa mbali. Pilipili ijitegemee kwenye kisahani chake.

Chakula kingine cha huko ni *patatas a la riojana*, mchuzi wa viazi na chorizo, soseji ya nguruwe iliyotiwa paprika. Viazi havikatwi moja kwa moja kwa kisu. Unaingiza kisu kidogo kisha unavunja, ili wanga utoke na kuufanya mchuzi uwe mzito. Ujanja huo utaufaa mchuzi wako wa viazi na nyama ya ng'ombe hata usipotia chorizo.

Samaki? Kwa kawaida mwekundu wenye ukakasi na samaki wa mafuta hutoa ladha ya chuma mdomoni, na mchuzi wa nazi hauupendi kabisa. Lakini Warioja wana *bacalao a la riojana*, samaki aina ya cod aliyehifadhiwa kwa chumvi akapikwa kwa nyanya na pilipili hoho, na huo huenda na mwekundu mchanga wa stika ya kijani, uliopozwa zaidi kidogo. Nyanya na hoho ndizo zinazofunga urafiki hapo.

Ukitaka kunywa kama wanavyokunywa Logroño, nenda mtaa unaoitwa Calle del Laurel. Baa zimebanana, na nyingi zina chakula kimoja cha kujivunia. Kwenye mojawapo ni uyoga uliochomwa na kitunguu saumu, umepangwa juu ya kipande cha mkate na kamba mdogo kileleni, mafuta yake yamelowesha mkate. Unakunywa kiglasi kimoja, unakula kimoja, umesimama, kisha unahamia baa inayofuata. Hakuna anayekaa na chupa tatu mezani na kula baadaye.

Ukishaizoea Rioja

Usibaki hapo hapo. Ribera del Duero, eneo jingine la mvinyo la Hispania, hutumia Tempranillo ile ile, huko wanaiita Tinto Fino, lakini mashamba mengi yako mita 750 hadi 900 juu ya usawa wa bahari. Mchana ni jua kali na usiku ni baridi, na mvinyo hutoka mzito na wenye ukakasi zaidi. Wao huunywa na *lechazo*, mwanakondoo anayenyonya bado, aliyeokwa kwenye tanuri la kuni ndani ya chombo cha udongo kwa maji na chumvi. Priorat, Katalunya, ni zabibu za Garnacha na Cariñena juu ya mawe meusi ya sleti. Mvinyo mkali, wa nyama iliyopikwa saa nyingi. Jumilla, kusini mashariki, ni zabibu ya Monastrell, bei yake rafiki, na mchuzi mzito wa ng'ombe unaukubali. Bierzo, kaskazini magharibi, ni zabibu ya Mencía, mvinyo mwepesi zaidi. Huo mpe kuku wa kuchoma.

Mambo yakienda kombo

*Kizibo kimekatikia ndani.* Ingiza kizibuo tena kwa mshazari, vuta taratibu. Kikishindikana, kisukume ndani na uchuje mvinyo kwa chujio safi la chai. Vipande vya kizibo havina madhara.

*Unanuka karatasi ya boksi iliyolowa au stoo yenye ukungu.* Kizibo kimeambukiza mvinyo. Hautapona kwa kusubiri, na si kosa lako. Ukiwa mgahawani, sema kwa upole, urudishwe. Kile kidogo mhudumu anachokumiminia kwanza ni kwa ajili ya hilo, siyo kukuuliza kama umeupenda.

*Unanuka siki.* Umepigwa na hewa au joto kwa muda mrefu. Chupa iliyokaa dirishani dukani, juani, iache hapo hapo dukani.

*Kuna tope chini ya chupa.* Ni mashapo, kawaida kwa Reserva na Gran Reserva za zamani. Simamisha chupa tangu jana yake, mimina bila kutikisa, acha vidole viwili vya mwisho chini.

*Ukakasi umezidi hata kwa nyama.* Uhamishie kwenye jagi pana, subiri dakika 30, onja tena. Ukiwa bado, ongeza chumvi kidogo kwenye nyama. Na hakikisha hukuupoza kupita kiasi, maana baridi hukaza ukakasi.

*Sisikii harufu yoyote.* Mvinyo ni baridi mno, au pua imechoka, au una mafua. Shika tumbo la glasi kwa viganja dakika mbili, nusa mkono wako mwenyewe ili pua ipumzike, rudi tena. Kama ni mafua, ahirisha.

*Umebaki.* Rudisha kizibo, weka friji, hata kama ni mwekundu. Siku tatu hadi nne utanyweka, ukiutoa nusu saa kabla. Ukishapita hapo, nusu glasi yake itie kwenye sufuria nyama ikishakaangwa na vitunguu, kabla ya nyanya, uiache ichemke hadi ile harufu kali ya kilevi ipotee.